Wageni wa Bi Afadhali

Mtaa mzima ulimwita Bi Afadhali, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake, aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Jina lilitokana na mdomo wake mwenyewe. Paa likivuja jikoni, atasema afadhali halikuvujia kitandani. Mteja akimhama na kwenda kwa msusi mwingine, atasema afadhali, maana yule alikuwa na nywele chache na maneno mengi. Hata mumewe alipofariki ghafla, ameketi mezani akisubiri chai, mjane yule alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akajipangusa machozi na kusema, "Afadhali hakulala kitandani miezi na miezi akiteseka." Wapo waliosema ana moyo wa jiwe. Lakini neno lile kwake lilikuwa kama mkongojo, na anayetembea sawasawa hana haja ya mkongojo.

Kazi yake ilikuwa kusuka. Chumba cha mbele cha nyumba, kile kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa saluni yake: kioo kirefu chenye ufa pembeni, kiti kimoja cha mteja, kabati la mafuta na nywele za bandia, mashine ya kukaushia nywele, na benchi la mbao lililoegemea ukuta, la watu kungojea zamu. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya kulala. Humo aliishi na mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana alifanya kazi mbali na kurudi mara chache. Mkamwana alikuwa keshia katika duka la vifaa vya umeme, akiondoka asubuhi na kurudi jioni miguu ikimwaka moto.

Macho ya Bi Afadhali yalianza kumwacha pole pole, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimoja kimoja ili mwenye nyumba asishtuke. Kwanza viliondoka vya pembeni: watu wakawa wanamtokea ubavuni ghafla kana kwamba wamechipuka sakafuni. Baadaye hata vilivyokuwa mbele yake vikaingia ukungu. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda kimekwenda. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki.

"Afadhali," alijibu. "Vidole havina presha."

Na kweli, vidole vilishika kazi. Wateja waliapa kwamba mistari yake imenyooka kuliko zamani. Alikuwa akipapasa kichwa, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha chanuo likapita mara moja tu.

Sasa, siku aliyomwona mgeni wa kwanza ilikuwa mchana kweupe. Mteja alikuwa ameondoka, jua limeingia mlangoni hadi katikati ya chumba. Bi Afadhali aliinama kufagia nywele, akainuka, akaona mwanamke ameketi kwenye benchi. Ameketi akitazama ukuta, mgongo ameuelekeza chumbani.

"Karibu, mama," alisema. "Geuka basi tuonane. Ukuta huo hauna habari."

Mwanamke hakugeuka. Hapo ndipo Bi Afadhali alipogundua jambo lililomfanya aushike ufagio kwa mikono miwili. Kila kitu chumbani kilikuwa ukungu, benchi lenyewe ukungu, mikono yake mwenyewe ukungu. Lakini mwanamke yule alionekana wazi. Aliona kola ya gauni lake. Aliona kisogo, na nywele zilizosukwa mistari myembamba kuliko uzi wa cherehani, ikizunguka na kuzunguka kama maji yanayoingia shimoni. Miaka mingi alikuwa hajaona kitu kwa uwazi ule.

Akasogea. Akanyoosha mkono amguse bega. Mkono haukukuta bega, ulipita, ukatua kwenye mbao baridi za benchi, na mwanamke alikuwa bado ameketi palepale, mkono wa Bi Afadhali umezama mgongoni mwake hadi kwenye kifundo.

Alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Akafungua kinywa kusema lile neno lake. Neno halikuja.

Kesho yake walikuwa wawili, na baada ya muda benchi lilijaa. Wote wanawake, wote wamegeukia ukuta, wote wamesukwa mitindo ambayo hakuwahi kuifundishwa na mtu. Mara nyingine walikuja wadogo, kimo cha ndoo, wamevaa kofia ndefu, wakapita msururu chini ya kioo na kuingia ukutani. Hawakutoa sauti yoyote, si ya mguu wala ya nguo. Akifumba macho hawapo. Akifumbua, wapo, na mara nyingine wameongezeka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mtaani watu hawakosi majina: angeitwa kichaa, au angeitwa jina baya zaidi. Akawa anasuka huku ameligeuzia benchi mgongo, jasho likimtoka, na kusema kwa sauti ya juu kuliko kawaida ili chumba kisiwe kimya. Lakini siri ni kama kikohozi. Siku moja aliingia binti aliyetaka kusukwa kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na Bi Afadhali, akiwa amechoka na amesahau, akamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, mama huyu wa benchini ametangulia."

Binti alilitazama benchi tupu. Akamtazama Bi Afadhali. Ghafla akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni, na hakurudi tena.

Maneno yakatembea. Wateja wakapungua, waliokuja walikaa kwenye ukingo wa kiti kama watu wanaotaka kuwahi usafiri.

Ndipo mdogo wake alipokuja. Alikuwa mwanamke wa mbio, mwenye sauti ya kengele, na siku hizo alikuwa mfuasi wa mtu fulani wa redioni aliyehubiri fikra chanya kila asubuhi. Alikuwa amesikia tetesi, na hakuuliza ni za kweli au za uongo.

"Dada, tatizo ni maneno yako," alisema hata kabla hajaketi. "Wewe unasema afadhali, afadhali. Afadhali ni neno la mtu aliyekubali kushindwa! Unachotamka ndicho kinachokuwa. Fumba macho. Sema: ninaona vizuri. Chumba hiki hakina mtu."

"Ninaona vizuri," alisema Bi Afadhali, amefumba macho kama alivyoambiwa. "Chumba hiki hakina mtu."

"Kwa imani! Tena!"

Alirudia mpaka mdogo wake akaridhika. Kisha akafumbua macho. Mmoja alikuwa amesimama kati yao. Alikuwa amesimama karibu sana, mgongo kwa Bi Afadhali, hata kisogo chake kilikuwa kimeufunika uso wa mdogo wake wote, na sauti ya mdogo wake ikawa inatoka ndani ya nywele zile.

"Haya, niambie," ilisema sauti. "Unaona mabadiliko?"

"Ninayaona," alijibu Bi Afadhali.

Hata hivyo aliendelea kujaribu, maana mgonjwa hachagui dawa. Kila asubuhi alitamka kwamba anaona vizuri, mpaka asubuhi aliyoigonga pembe ya mlango kwa paji la uso akiwa katikati ya sentensi hiyohiyo. Akakaa chini na nundu yake, akaona kwamba kuna fikra nzuri, na kuna kujidanganya kulikovaa nguo za fikra nzuri.

Mkamwana ndiye aliyeifumbua siri. Siku hiyo kichwa kilimuuma akarudi mapema, na kabla hajaingia alisikia sauti ya mama mkwe wake ikiomba kwa unyonge, kama mtu aliyezuiwa njia: "Nipisheni nipite, jamani. Nipisheni tu nipite."

Akasukuma mlango. Bi Afadhali alikuwa amesimama katikati ya chumba, peke yake, amejikunyata kana kwamba yuko kwenye umati.

"Mama? Unaongea na nani?"

Basi akamwambia. Alimwambia yote, tangu mwanamke wa kwanza hadi wenye kofia ndefu, akiwa ameushika mkono wake, na machozi yakishuka yenyewe. Mkamwana hakucheka, wala hakupiga kelele. Alikwenda kuketi kwenye benchi.

"Nimemkalia nani?" aliuliza.

Bi Afadhali alitazama. "Hapo pako wazi, mwanangu. Ila usisogee kushoto."

Walitazamana, na kwa namna ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuieleza baadaye, kicheko kikawashika wote wawili, wakacheka mpaka mkamwana akajishika mbavu. Alipopata pumzi alisema, "Kesho kazini siendi. Tunakwenda hospitali."

Daktari wa macho alisikiliza bila kuinua hata nyusi. Akauliza kama watu hao husema. Hapana. Kama wana harufu. Hapana. Kama huonekana wazi kuliko vitu vingine. Bi Afadhali alishtuka: "Umejuaje?"

"Mama, ubongo wako umeletewa picha maisha yako yote," alisema daktari. "Sasa macho yamepunguza kuleta, na ubongo haupendi kukaa bure, unajichorea wenyewe. Si wazimu, na si mashetani. Wengi huona, ila hawasemi kwa sababu wanaogopa kuitwa vichaa. Wakija, washa taa, au peleka macho kulia na kushoto upesi bila kugeuza kichwa. Mara nyingi hufifia. Kwa wengi, baada ya muda hupungua kabisa."

Njiani kurudi, Bi Afadhali alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Lakini ukweli ulimwondolea hofu tu, haukumwondolea wageni. Asubuhi iliyofuata, mkamwana alipokwisha kwenda kazini, aliketi na kikombe chake cha chai na kulikabili benchi. Walikuwepo. Migongo imenyooka, visogo vimetulia.

Akawatazama kwa muda mrefu. Hawa, aliwaza, hawali. Hawasengenyi. Hawakopi mafuta ya nywele. Hawajawahi kuniuliza mwanangu anarudi lini. Na katika nyumba yote hii, wao peke yao ndio ninaowaona sawasawa. Akapuliza chai, akanywa funda moja, na lile neno lililompotea likarudi kinywani lenyewe.

"Afadhali," alisema kwa sauti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisha akakumbuka kwamba wazee hawakuishia hapo, walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wamekaa zaidi ya siku mbili. Akavuta kiti karibu na benchi, akaanza kuwasoma vichwa.

Jioni alimkalisha mkamwana na kujaribu kumsuka mtindo wa yule mwanamke wa kwanza. Haukuwezekana wote; mistari mingine ilipita mahali ambapo nywele za binadamu hazioti. Lakini alipata nusu yake, ikianzia sikioni na kuzunguka hadi utosini, na nusu hiyo ilitosha. Kesho yake pale dukani watu walimsimamisha mkamwana kwenye kaunta kumuuliza amesukwa wapi. Wateja wakaanza kurudi, kwanza kwa kunyata. Wengine walifuata nywele, wengine walifuata umbeya, wakitaka waambiwe ni nani aliyekaa kando yao. Hilo hakuwaambia. Alisema wageni wake ni watu wa heshima zao.

Mambo yakawa hivyo kwa muda. Siku nyingine zilikuwa ngumu: kuna asubuhi alizoamka hataki kuona mtu, wa kweli wala wa kuchorwa, akabaki amejifunika shuka. Na kulikuwa na jambo dogo ambalo hakupata kulizoea. Alipokuwa akiongea na mteja, mara nyingine alihisi vichwa vile vimeinama kidogo, kama vya watu wanaotega sikio. Alipeleka macho kulia na kushoto kama alivyofundishwa, wakafifia, na akaendelea na kazi.

Mchana mmoja mvua kubwa ilinyesha. Barabara ikawa tupu, na ngurumo za mvua juu ya bati zilimeza kila sauti. Bi Afadhali alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, chanuo mkononi, akingoja mvua ikatike. Benchi lilikuwa limejaa. Akageuza uso, akaona mtu mwingine amesimama karibu na kabati.

Huyu alikuwa mwanamume, na alikuwa na ukungu. Ajabu, aliwaza, leo wamenichorea mmoja kwa wino hafifu. Akapeleka macho kulia na kushoto. Wanawake wa benchini walififia, kisha wakarudi. Mwanamume hakufifia.

"Wewe ni mgeni mkaidi," alimwambia. "Wenzako huketi. Tafuta nafasi uketi."

Mtu yule akaganda. Na ndipo harufu ikamfikia Bi Afadhali: nguo zilizolowa mvua, tumbaku, na jasho. Wageni wake hawakuwa na harufu.

Mlango wa barabarani ulikuwa upande wa pili wa mtu huyo. Mkamwana hayupo, majirani wamejifungia mvua, na hata akipiga yowe, bati lingelimeza. Alikuwa na chanuo, basi. Akajiuliza kama alivyozoea kujiuliza: nina nini? Akaona kwamba ana benchi zima la watu.

"Usisimame hapo," alisema, kwa sauti ileile ya upole, "umemkanyagia mama wa watu gauni. Sogea kidogo. Msamehe, mama, bado hajazoea."

"Unaongea na nani?" Sauti ya mtu yule ilikuwa ya kunong'ona.

"Na hawa."

"Hawa nani?"

"Wanaongoja zamu," alisema Bi Afadhali. "Kuna mmoja nyuma yako, mrefu. Yeye hajawahi kuketi. Na hapendi mtu anayeingia bila hodi."

Aliyasema hayo akilitazama benchi, kwa kuwa hakuthubutu kumtazama mtu. Kwa hiyo aliona vizuri kilichotokea. Wanawake wale, ambao hawakuwahi kuugeuzia chumba uso hata siku moja, waligeuka. Waligeuka wote kwa pamoja, pole pole, kama mahindi shambani upepo ukipita, wakalikabili kabati. Kwa upande aliokaa Bi Afadhali aliona ncha za mashavu na masikio tu. Nyuso zao walimpa yule mtu.

Kitu kizito kilianguka, kumbe ni mashine ya kukaushia nywele aliyokuwa ameibeba mtu yule, akasikia kikivunjika. Mtu yule alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Miguu ilipigapiga sakafu, mlango ukagonga ukuta, na upepo wa mvua ukaingia ndani. Bi Afadhali alibaki kitini, meno ya chanuo yamemzama kiganjani. Alipopata ujasiri wa kutazama benchi tena, visogo vilikuwa vimerudi kwenye ukuta.

Fundi viatu aliyejibanza chini ya kibaraza upande wa pili wa barabara ndiye aliyesimulia yaliyobaki. Alisema mtu alitoka mbio ndani ya saluni, akasimama katikati ya barabara mvua ikimpiga, mikono kichwani, akiuliza hewani, "Ni nani anayewasuka vile? Ni nani anayewasuka vile?" Kisha akakimbia. Fundi alidhani ni mlevi.

Jioni mkamwana aliisikiliza habari hiyo mara mbili. "Mama," aliuliza mwishoni, "ulimwambia wamesukwa?"

Bi Afadhali alifikiri. "Nilimwambia wanangoja zamu. Nywele sikuzitaja."

"Labda alisikia umbeya mtaani."

"Labda," alisema Bi Afadhali.

Usiku ule mkamwana alikula chakula chake amesimama, hakulisogelea benchi. Na siku ya kliniki ilipofika, Bi Afadhali hakumsimulia daktari jambo lile. Daktari alikuwa amempa maelezo mazuri, naye hakuona sababu ya kuyaharibu.

Wageni walipungua kama ilivyotabiriwa. Wale wadogo wa kofia waliacha kupita, benchi likapata nafasi, ikabaki migongo mitatu, kisha mmoja, yule wa kwanza. Mwanga nao ukazidi kupungua, mpaka Bi Afadhali akawa anatofautisha dirisha na ukuta tu. Asubuhi moja aliketi na chai yake, akageukia benchini, na hapakuwa na kitu, si mtu, si benchi. Alikaa hapo hadi chai ikapoa. Mkamwana aliporudi na kumkuta hajala, hakuuliza. Alimpakulia, akakaa naye, akaanza kumsimulia wateja wa dukani mmoja mmoja, sura zao, mavazi yao na vituko vyao, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake ya kila jioni.

Kusuka hakuacha. Ila muuguzi wa kliniki ya macho, mama mwenye mzaha mwingi, alimwomba ajitahidi kuja mapema siku za kliniki, akae ukumbini na wanaosubiri, kwa sababu wapo wasiothubutu kumwambia daktari. Basi huketi hapo, mkoba magotini, na akisikia pumzi ya mtu aliyejaa wasiwasi humwinamia na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe, wanakutembelea?"

Wengi hucheka, au husema hawaelewi. Hivi karibuni aliketi kando ya mzee aliyekuwa mwalimu mkuu, mtu wa sauti nzito aliyezoea kuamrisha. Alipoulizwa swali lile, alikohoa. Bi Afadhali akasikia fimbo yake ikigongagonga sakafu.

"Farasi," alisema mzee hatimaye. "Chumbani kwangu. Mke wangu hajui."

"Wa rangi gani?"

"Weupe." Alivuta pumzi kama mtoto aliyelia. "Wamesimama kati ya kabati na kitanda. Hakuna nafasi ya farasi pale, bibi, hata mbuzi hatoshi. Hawapumui. Nimewatazama mbavu, hawapumui."

"Nielezee manyoya yao," alisema Bi Afadhali, akasogeza kiti.

Mzee alianza kwa kusitasita. Alieleza manyoya ya shingoni, jinsi yalivyolala upande mmoja, na kwato, na lile jicho moja jeusi ambalo hutazama dirishani daima, na sauti yake ikawa inapata nguvu kadiri alivyosema. Muuguzi alitokea mlangoni akaita jina lake, akaliita tena, na mzee hakusikia.